Mtoto Aliyelitangulia Darasa: Kuchagua Mtaala wa Nyumbani

“Mwanangu ana miaka mitano na nusu. Anasoma mabango ya dukani na maandishi ya daladala, na tukienda sokoni anajumlisha bei kabla yangu. Shuleni bado wako kwenye a, e, i, o, u. Nimfundishe nini nyumbani?”

Swali hili huulizwa na wazazi wengi. Baadhi huliuliza kwa fahari, wengine kwa hofu, na wapo wanaoliuliza kwa sauti ya chini wasije wakaonekana wanamsifia mtoto wao. Mzazi wa Mkolani, Mwanza, pale kando ya barabara ya Shinyanga kati ya Nyegezi na Buhongwa, ana mambo yake ya kuongezea. Darasa la awali limejaa. Shule ya mchepuo wa Kiingereza inadai ada isiyolingana na mshahara. Jirani amemwambia kuna mtaala wa Marekani ambao mtoto anaweza kuusoma akiwa sebuleni hadi amalize sekondari. Je, aununue?

Wazazi wengi wakishagundua kwamba mtoto ni mwepesi, hutafuta mtaala wa madarasa mawili mbele na kuanza kukimbia. Naamini hiyo ni njia mbaya. Mtaala wa nyumbani wa mtoto wa namna hii uchaguliwe somo kwa somo, kwa kiwango alichokifikia kweli, na uchimbe zaidi kuliko unavyokimbia. Sehemu kubwa ya mtaala huo mzazi wa Mwanza anaweza kuipata bila kutuma fedha ng’ambo.

Kabla ya kununua chochote

Mtaala ni mpango mzima: mtoto ajifunze nini, kwa utaratibu gani, kwa njia zipi, na atapimwaje. Muhtasari ni sehemu ya mpango huo inayotaja mada za somo moja kwa darasa moja. Kitabu cha kiada ndicho kinachoufuata muhtasari hatua kwa hatua, na kitabu cha ziada husomwa kando ili kumpanua msomaji. Azimio la kazi ni ratiba ya mwalimu inayoonyesha mada ipi itafundishwa wiki ipi.

Nayataja haya kwa sababu mzazi mara nyingi hununua kitabu akidhani amenunua mtaala. Anarudi nyumbani na kitabu cha hisabati cha darasa la tatu, mtoto anakimaliza kwa miezi miwili, kisha wote wawili hawajui waende wapi. Kitabu peke yake hakiwaambii kwa nini mada hii imetangulia ile, wala mtoto akikwama arudishwe wapi.

Ametangulia wapi hasa?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine popote katika sura hii.

Mtoto wa Kiswahili akishazijua silabi anaweza kusoma kwa sauti karibu neno lolote utakalomwonyesha. Herufi zetu hutamkwa kama zilivyoandikwa. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano anayesoma habari ya bajeti gazetini bila kukwama anashangaza wageni, lakini bado hatujajua kama ameelewa. Funga gazeti, umuulize: habari hii inamhusu nani? Alifanya nini? Kwa nini? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akikusimulia kwa maneno yake mwenyewe, huyo anasoma. Akirudia sentensi ya mwisho tu, anatamka. Kutamka vizuri akiwa na umri huo ni jambo la kufurahia, ila halimfanyi kuwa msomaji wa darasa la nne.

Kwenye hesabu ni vivyo hivyo. Kuhesabu hadi elfu moja kunaweza kuwa wimbo tu. Mpe noti na sarafu, umwambie una shilingi 3,200, umenunua nyanya za 1,500, baki ni ngapi? Muulize 99 na 302 jumla yake ni nini, kisha umuulize amefikaje hapo. Mtoto akikujibu, “Nimefanya mia moja na mia tatu na mbili halafu nikatoa moja,” hapo una jambo kubwa zaidi ya jibu sahihi, maana ameiona namba kwa ndani.

Halafu tazama mkono wake. Akili ya mtoto inaweza kuwa ya miaka minane huku vidole vikiwa na miaka mitano ileile. Anajua jibu lakini kuliandika kunamchosha hadi analia, na mzazi anadhani ni uvivu. Moyo nao una umri wake: mtoto anayegawanya kwa kichwa bado anaweza kuangua kilio akishindwa mchezo wa kujificha.

Upimaji wenyewe si mgumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alianza kuwapa watoto wenye uwezo mkubwa wa hisabati mtihani uliotungwa kwa vijana wakubwa kuliko wao. Sababu yake ilikuwa rahisi: mtihani wa darasa lao wote waliupata, kwa hiyo haukuonyesha nani amefika wapi. Mtihani wa juu ndio uliowatofautisha.

Fanya hivyo nyumbani kwa vitabu vya kawaida vya shule ya msingi. Chukua maswali kumi kutoka kurasa za mwisho za hisabati ya darasa la kwanza. Akipata tisa au kumi, siku nyingine mpe ya darasa la pili, kisha la tatu. Simama pale anapopata karibu nusu, halafu anza kufundisha hatua chache kabla ya hapo. Usimpime masomo yote siku moja, na kila kikao kisizidi dakika ishirini. Andika tarehe na matokeo kwenye daftari, kwa sababu daftari hilo utalihitaji mwishoni mwa sura hii.

Matokeo ya mtoto aliyetangulia huwa hayalingani. Yanaweza kuonekana hivi:

- Kusoma kwa sauti: darasa la tatu
- Kuelewa anachosoma: darasa la pili
- Kuhesabu: darasa la tatu, ila hajui kusoma saa
- Kuandika: awali
- Kiingereza: maneno machache ya katuni

Ukimnunulia mtoto huyu mtaala wa darasa la tatu wote kwa pamoja, umemnunulia sare ya kukulia: mabega yanatosha, mikono imemeza vidole, na suruali anaikanyaga. Atasifiwa kwenye kusoma na atateseka kwenye kuandika. Baada ya muda atakataa yote.

Sheria inasemaje, na mitihani je?

Mzazi anayefikiria kumtoa mtoto shule kabisa anapaswa kuanzia hapa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka lazima mtoto aliyefikisha miaka saba na hajatimiza kumi na tatu aandikishwe shule ya msingi, na mzazi ndiye anayewajibika kwa mahudhurio yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imekwenda mbele zaidi kwa kutamka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Sheria ya 1978 inazungumzia kuandikishwa shule. Haikuandikwa kwa kumfikiria mzazi anayefundisha sebuleni.

Nchi hazifanani katika hili. Marekani inaruhusu elimu ya nyumbani katika majimbo yote 50. Ujerumani haiiruhusu. Afrika Kusini, kwa Sheria ya Shule ya mwaka 1996, inamtaka mzazi amsajili mtoto wake kwa elimu ya nyumbani. Kwa majirani zetu wa Kenya, wenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, suala hili lilifika Mahakama Kuu mwaka 2019. Kwa hiyo ushauri unaotoka Texas au Johannesburg usiuhamishie Mkolani bila kuupima.

Mitihani ndiyo inayobana zaidi. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, na watoto huifanya kupitia shule zilizosajiliwa, kila mmoja akiwa na namba ya PReM anayopewa akishaandikishwa. Mtahiniwa wa kujitegemea, yaani anayefanya mtihani bila kuwa mwanafunzi wa shule, ana njia yake kwenye Mtihani wa Maarifa na kidato cha nne, na huko ni mbali na mtoto wa miaka sita. Cambridge nao hupokea watahiniwa binafsi kupitia vituo vyao, kwa ada inayopangwa kwa fedha za kigeni.

Msimamo wangu, kwa familia nyingi za Mwanza: mtoto abaki ameandikishwa shule, na mtaala wa nyumbani uchukue nafasi ya jioni, Jumamosi na likizo. Mwenye sababu nzito ya kufanya vinginevyo, kwa mfano ugonjwa wa mtoto au kazi ya kuhamahama, akamwone Afisa Elimu Kata kabla ya kuamua, na mazungumzo yao yawe kwa maandishi.

*Kwa ufupi: mpime mtoto somo kwa somo, tarajia matokeo yasiyolingana, usikate uhusiano na shule, kwa kuwa mlango wa mitihani ya msingi uko huko.*

Mitaala iliyo mezani

Anza na wa nyumbani. Taasisi ya Elimu Tanzania, TIE, ndiyo inayoandaa mitaala, mihtasari na vitabu vya kiada vya nchi nzima, na vitabu vyake vinasomeka bure kwenye Maktaba Mtandao ya taasisi hiyo. Mzazi mwenye simu na bando la kutosha anaweza kufungua hisabati ya darasa la pili, la tatu na la nne jioni moja na kuona mada moja inavyokua kutoka mwaka hadi mwaka. Hiyo pekee inamsaidia kuliko kununua kitabu kimoja kimoja.

Tahadhari moja ya matoleo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, kisha ukapanda na watoto hao mwaka hadi mwaka. Bado vitabu vya mtaala wa zamani vinauzwa mitaani kwa bei ya chini. Vinafaa kwa mazoezi ya hesabu, maana kujumlisha hakujabadilika, lakini usivitumie kama dira ya masomo yaliyopangwa upya. Historia ya Tanzania na Maadili, kwa mfano, ni somo linalohitaji kitabu chake kipya.

Udhaifu wa mtaala wa taifa kwa mtoto huyu tunayemzungumzia ni kwamba umetengenezwa kwa ajili ya darasa zima. Mada hurudiwa mara nyingi kwa sababu watoto wengi wanahitaji kurudiwa. Mwepesi akishaelewa mara ya kwanza, marudio ya nne humfanya aangalie dirishani. Kwa hiyo ushike kama uti wa mgongo, punguza mazoezi ya kurudia, kisha uongeze nyama kutoka kwingine.

Kwa hisabati, nyama bora ninayoijua ni ya Singapore. Nchi hiyo ilianza kuutengeneza mfumo wake miaka ya 1980, na siri yake ni utaratibu wa hatua tatu: mtoto anashika vitu, kisha anachora, kisha ndipo anaandika namba. Vitabu vyake vinauzwa ghali, lakini utaratibu wenyewe hauuzwi. Vifuniko vya soda, kokoto na mstari uliochorwa chini kwa kijiti vinatosha. Chukua swali hili: “Juma na Neema wana machungwa 24. Neema anayo mara mbili ya Juma. Kila mmoja ana mangapi?” Mtoto wa miaka sita hawezi kuliandikia mlinganyo. Akichora boksi moja la Juma na maboksi mawili ya Neema, anaona mara moja kwamba 24 imegawanywa mara tatu.

Saxon, mtaala wa Marekani uliopewa jina la mwasisi wake John Saxon, unakwenda kinyume: hatua ndogondogo na mazoezi mengi ya kurudia kila siku. Unamfaa mtoto anayesahau haraka. Kwa anayekumbuka haraka ni adhabu.

Mtaala wa Accelerated Christian Education, maarufu kama ACE, ulianzishwa Texas mwaka 1970 na umeenea katika familia na shule nyingi za Kikristo. Mtoto husoma vijitabu peke yake, anajisahihisha, kisha anapimwa na kuendelea. Wazazi wenye shughuli nyingi huupenda kwa sababu mtoto anajiendesha. Hofu yangu ni hiyohiyo. Mtoto mdogo mwenye akili nyepesi anahitaji mtu wa kumuuliza “umejuaje?”, na kijitabu cha kujaza nafasi zilizoachwa wazi hakiulizi swali hilo.

Mtaala wa Uingereza ndio unaofundishwa katika shule kama Isamilo hapa mjini. Ni mzuri na umepangika, na kwa mtoto ambaye familia yake itahama nje ya nchi una maana kubwa. Lakini mitaala yote hii ya nje ina mtego mmoja wa lugha. Mtoto aliyetangulia miaka miwili kwenye hesabu kwa Kiswahili anapewa swali la maneno kwa Kiingereza, anakwama kwenye neno la pili, na mzazi anahitimisha kwamba kumbe hesabu hajui. Fundisha hesabu kwa lugha anayofikiria nayo. Kiingereza kipe muda wake pembeni, kwa kusikia na kuzungumza kwanza, hadi kikomae kiasi cha kubeba masomo mengine.

Vifaa vya kidijitali navyo vina nafasi yake. Ubongo Kids, katuni za hisabati na sayansi zilizoanzia Dar es Salaam mwaka 2014, zinazungumza Kiswahili safi. Kuna pia jaribio la Tanga ambalo Watanzania wengi hawalijui. Kuanzia mwaka 2017, katika shindano la kimataifa la XPRIZE, watoto wa vijiji karibu 170, wengi wao wasiokuwa wamewahi kusoma shule, walipewa tableti zenye programu za Kiswahili za kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilishuka kwa nusu. Mwaka 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana ushindi. Tunajua basi kwamba mashine inaweza kumfikisha mtoto kwenye mlango wa kusoma. Mtoto wetu ameshauvuka mlango huo. Anachohitaji sasa ni vitabu na watu.

Vitabu vya hadithi ndivyo pengo kubwa zaidi. African Storybook inatoa bure hadithi nyingi za Kiswahili zilizopangwa kwa viwango, na zinaweza kuchapishwa kwenye duka lolote la stesheneri. Maktaba ya Mkoa iko mjini, nauli ya daladala moja au mbili kutoka Mkolani. Mtoto anayesoma kwa kasi humaliza kitabu kidogo kwa dakika kumi, kwa hiyo usihesabu vitabu kwa mwezi. Hesabu kwa wiki.

Kuchimba badala ya kukimbia

Mtoto aliyemaliza kujumlisha anaweza kupelekwa kwenye kuzidisha, kisha kugawanya, kisha sehemu, na akifika darasa la nne akiwa na miaka saba familia nzima itafurahi. Halafu? Ataingia darasa la pili mwezi Januari akiwa ameshamaliza kitabu cha darasa la nne, na kuchoka kwake kutaongezeka maradufu. Kukimbia kunaahirisha tatizo hadi mwakani na kulifanya kubwa. Kuchimba kunampa kazi leo bila kumnyang’anya ya kesho.

Kuchimba ni kuchukua jambo la kiwango chake na kulishusha chini zaidi ya kitabu kinapoishia. Mkolani imezungukwa na vya kuchimba, kuanzia mawe yenyewe. Majabali yaliyopandana kwenye vilima vya Mwanza ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziwa Victoria lililo chini yake ni changa mno. Wanasayansi wanakadiria kwamba takriban miaka 15,000 iliyopita lilikauka, kisha likajaa tena. Muulize mtoto: jiwe na ziwa, kipi kimetangulia? Tungejuaje? Samaki walikuwa wapi ziwa lilipokauka? Sufuri za bilioni aziandike mwenyewe, azihesabu, aulize mbona ni nyingi hivyo. Maswali kama haya hayana ukurasa wa majibu nyuma ya kitabu, na mtoto anayezoea kupata yote anahitaji kukutana nayo mapema.

Au namba za ziwa. Victoria lina eneo la takriban kilometa za mraba 68,800, lakini kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu. Tanganyika ina kina cha takriban mita 1,470. Ni mara ngapi? Kwa nini lililo pana ndilo lenye kina kifupi? Achore maziwa yote mawili kwa ubavu, kwa kipimo kimoja, kwenye karatasi moja. Ataishiwa karatasi, na hapo ndipo atakapoanza kuelewa kipimo cha ramani bila kufundishwa kwa ubao.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilometa tatu. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa linavuka kwa dakika ngapi? Mtu anayetembea kilometa tano kwa saa je? Zamani watu walisubiri kivuko. Basi lililosubiri saa moja na nusu limepoteza mwendo wa kilometa ngapi? Hiyo ni hisabati ya darasa la tano au la sita, na mtoto wa miaka saba mwenye hamu ataifanya kwa mchoro, mradi tu mkubwa asimpe kanuni mapema.

Kwa sayansi, yupo mjusi wa kwenye mawe, dume lake likiwa na kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu. Jina lake la kisayansi, *Agama mwanzae*, limebeba jina la mji huu. Mtoto awahesabu mijusi hao asubuhi na mchana kwa wiki mbili, ajaze jedwali, aseme ni wakati gani wanaota jua na kwa nini. Hapo amefanya kuchunguza, kurekodi, kulinganisha na kutoa hoja, mambo ambayo mitaala ya gharama kubwa huyapa majina marefu.

Wakati mwingine swali huletwa na mtoto mwenyewe, na mtaala wa nyumbani lazima uwe na nafasi ya kulipokea. Akiuliza, “Mama, kumi na saba ukitoa ishirini inakuwaje?” usimjibu kwamba haiwezekani. Mpeleke kwenye daftari la madeni dukani: una 17, unadaiwa 20, ukilipa zote ulizonazo bado unadaiwa ngapi? Ameshaiona namba hasi. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, aligundua kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya ule uliopoa, na alipouliza, alichekwa. Alishikilia swali lake hadi akamwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na leo wanafizikia duniani wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Mtoto wako huenda asigundue kitu kama hicho. Ila asichekwe kwake mwenyewe.

Nani afundishe, na kwa muda gani?

Mzazi aliyeishia kidato cha nne, au hata darasa la saba, anaweza kumfundisha mtoto wa umri huu. Kazi yake kubwa ni kuuliza, kusikiliza na kupanga. Dakika arobaini kwa siku, siku nne kwa wiki, zinatosha juu ya masomo ya shule. Siku zilizobaki mtoto acheze na wenzake wa rika lake, achafuke kwa tope la mvua, agombane na apatane. Hilo nalo ni somo, na kwa mtoto aliyezoea kuongea na wakubwa tu ni somo gumu.

Wakazi wa Mkolani wana bahati ya majirani. Chuo cha Ualimu Butimba hakiko mbali, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe. Mwanachuo wa ualimu anayependa hisabati akija Jumamosi moja kwa wiki mbili atampa mtoto mtu wa kubishana naye, na gharama yake ni ndogo kuliko mtaala wa kuagiza. Mkubaliane mapema kwamba hii si tuisheni ya kukariri mitihani iliyopita, na somo lifanyike sebuleni mlango ukiwa wazi na mtu mzima wa nyumbani akiwepo. Bibi naye asisahaulike: hadithi za Kisukuma, na bao lenye hesabu ndani yake, vinamchangamsha mtoto kuliko programu nyingi za simu.

Jambo moja nisisitize. Katika hizo dakika arobaini, mtoto akutane na jambo moja ambalo hawezi kulipata siku hiyohiyo. Watoto wepesi ambao hawajawahi kukosa swali huporomoka wanapofika kidato cha kwanza, siku ya kwanza wanapokosa. Hawakujifunza kukaa na ugumu.

Vipi kuhusu kurushwa darasa?

Shule nyingine hupendekeza mtoto arushwe darasa, na wakati mwingine ni sahihi. Lakini piga hesabu mpya. Chini ya mfumo wa miaka sita ya msingi, mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita ataingia kidato cha kwanza akiwa na miaka kumi na miwili. Akirushwa darasa moja ataingia na kumi na mmoja, pengine bweni, pamoja na vijana waliobalehe. Shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala humpokea mwanafunzi baada ya msingi, na huko ushindani unataka ukomavu pamoja na alama. Mimi ningemrusha mtoto ambaye kuandika kwake na tabia yake vimefikia darasa la mbele. Kusoma na kuhesabu peke yake havitoshi.

Lini ubadilishe ulichochagua?

Upe mtaala miezi mitatu. Ubadilishe mapema zaidi ukiona dalili hizi:

- anapata kila swali kwa wiki tatu mfululizo bila kufikiri
- anajificha wakati wa somo ukifika
- anauliza “nimepata ngapi?” na ameacha kuuliza “kwa nini?”
- wewe mwenyewe umeanza kupiga kelele

Dalili hii ya mwisho mara nyingi huonyesha kwamba kiwango ni cha juu mno. Mzazi humkasirikia mtoto kwa kutokuwa yule aliyemsimulia kwa majirani. Rudi kwenye daftari la vipimo, shuka hatua mbili, anza naye upya kwa kitu anachokipenda.

Mwezi Januari shule zikifunguliwa, lichukue daftari hilo umwone mwalimu wa darasa. Usimwambie kwamba mtoto wako ana akili kuliko wenzake. Mwalimu mwenye darasa kubwa amelisikia hilo kwa wazazi wengi. Mwonyeshe tarehe, maswali na majibu. Kisha mwombe mambo mawili anayoweza kuyafanya bila gharama: mtoto aruhusiwe kuja na kitabu cha ziada cha kusoma akishamaliza zoezi, na mara moja kwa wiki apewe swali moja gumu badala ya maswali kumi mepesi.